Kona Ile Ile, Saa Ile Ile

Sisi tunaofungua frem asubuhi na kuzifunga jioni, tunaopika wali kando ya mitaro, tunaoshusha mizigo kutoka stoo za ghorofani hadi kwenye kirikuu, tunaoendesha bajaji na bodaboda, tunaokuja kununua vitenge vya kwenda kuuza Mbagala na Chanika, tuna neno letu na tumelikalia muda mrefu. Tunaibiwa Kariakoo, hapa Dar es Salaam. Tunaibiwa mahali pale pale, saa zile zile, kwa namna ile ile. Na kila tukiibiwa, swali linaloulizwa ni moja tu: nani kaiba? Hakuna anayeuliza ameibia wapi, saa ngapi, na kwa nini pale.

Hilo ndilo linalotuuma. Kibaka akikamatwa Jumatatu, Jumatano yupo mwingine amesimama pale pale, kwa sababu mahali penyewe hapajaguswa. Taa imekufa vile vile. Upenyo kati ya maghorofa mawili haujazibwa. Msongamano haujapangwa. Mtu kaondolewa, nafasi yake imebaki wazi inamngoja mrithi.

Yeyote aliyefanya kazi hapa msimu mmoja wa sikukuu anaweza kukutajia ramani nzima. Mchana, Mtaa wa Congo unapofurika hadi watu wanatembea kwa kusukumana, wembe unapita chini ya mkoba na mwenye mkoba hasikii kitu. Kuanzia saa kumi na moja jioni hatari inahamia kituo cha mwendokasi cha Gerezani: basi likifungua milango watu wanagombea kuingia, mikono imejaa watoto na mizigo, na mifuko yote imebaki bila mwenyewe. Saa moja na nusu usiku mageti yameshushwa, wenye maduka wameshaondoka, na mitaa ambayo mchana haikupitika inakuwa mitupu. Hapo ndipo mtu anapigwa kabali. Anayeamua kwenda Magomeni kwa miguu ili aokoe nauli anajua kwamba bonde la Jangwani halivukwi peke yako gizani. Alfajiri ni zamu ya wageni: wafanyabiashara wanaoshuka kutoka mikoani, Zambia, Malawi, Kongo na Komoro, wenye fedha za mzigo kiunoni, wanatafuta gesti katika mitaa wasiyoijua.

Haya tunayajua kwa kuyaishi, lakini wasomi nao wameyathibitisha, katika elimu inayoitwa kriminolojia ya mazingira. Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Lawrence Cohen na Marcus Felson, walieleza kwamba wizi hutokea pale mambo matatu yanapokutana mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu aliye tayari kuiba, kitu kinachofaa kuibwa, na kukosekana kwa mtu wa kukilinda. Ukiondoa moja kati ya hayo matatu, wizi hautokei. Mwaka 1981 Paul na Patricia Brantingham, wasomi waliofanya kazi Canada, walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba mhalifu naye ana mizunguko yake ya kila siku kama sisi. Anatoka nyumbani, anapita kituoni, anakaa kijiweni, na anaiba pale mizunguko yake inapokutana na nafasi. Kisha mwaka 1989 Lawrence Sherman na wenzake wakahesabu simu zilizopigwa polisi katika mji wa Minneapolis, Marekani, wakakuta kwamba asilimia 3 tu ya anwani za mji ule ndizo zilizotoa nusu ya simu zote.

Asilimia 3! Kama mji mzima unaweza kusumbuliwa na sehemu chache hivyo, basi Kariakoo haihitaji jeshi. Inahitaji orodha ya kona na mtu wa kuzishughulikia moja baada ya nyingine.

Na asije mtu kutuambia kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Mwaka 1996 Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa lilianzisha mpango wa Miji Salama kwa kuombwa na mameya wa Afrika wenyewe, na Dar es Salaam ikawa miongoni mwa miji ya mwanzo kuuanza, mwaka 1997, wakati likiongozwa na Tume ya Jiji. Mwaka 2000 wakazi wa jiji waliulizwa nyumba kwa nyumba wameibiwa nini na wanaogopa wapi. Katika kata ya Manzese, wanawake walipita katika mitaa yao wenyewe wakionyesha mahali wanapoogopa kupita na sababu ya hofu yao. Kazi ile ilikuwa ya maana kiasi kwamba Mei 2002 Anna Mtani, aliyekuwa akiratibu mpango huo hapa Dar, aliipeleka Montreal, katika mkutano wa kwanza wa kimataifa juu ya usalama wa wanawake mijini. Kwa hiyo njia tunaijua. Tuliifundisha dunia. Kinachotusikitisha ni kwamba mtoto aliyezaliwa miaka ile ya Manzese leo ni mtu mzima, anauza soksi Kariakoo, na hajawahi kuulizwa na mtu yeyote ni kona ipi inayomtisha.

Tuanze na taa, maana ndilo jambo jepesi kuliko yote. Taa ikizimika, mwanamke anayefunga kibanda chake hupita akikimbia, mwenye kuuza chipsi huhamisha jiko, bodaboda huhamisha kijiwe. Kila anayeondoka anaondoka na macho yake. Baada ya wiki mbili mtaa una giza na upweke, na vibaka hawahitaji zaidi ya hapo. Tumepeleka taarifa za taa mara nyingi, tukaambiwa nguzo ni ya wengine. Tukaenda kwa hao wengine, tukaambiwa nguzo ni yao lakini taa si yao. Mwananchi anayefunga biashara saa mbili usiku hana muda wa kujifunza mipaka ya ofisi. Anataka taa iwake.

Lakini tusidanganyane kwamba taa peke yake inatosha. Wazee wetu wanaikumbuka Kariakoo ya nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma, na mbele baraza linalotazama mtaa. Jioni watu walikaa barazani. Bao lilichezwa pale, nywele zilisukwa pale, maandazi yaliuzwa pale, na hakuna mgeni aliyepita bila kusalimiwa na kutazamwa anaelekea wapi. Mwaka 1961 mwandishi Jane Jacobs aliandika kuhusu New York kwamba usalama wa mtaa hutunzwa kwanza na macho ya wakazi na wenye maduka, kabla ya polisi. Babu zetu wa mitaa ya Narung'ombe na Mchikichi walikuwa wakiishi hivyo bila kitabu.

Leo nyumba zile zimevunjwa. Yamesimama maghorofa ambayo chini ni frem na juu, sakafu baada ya sakafu, ni stoo. Wakazi wamehamia pembezoni mwa jiji. Usiku, katika jengo lenye mali ya mamilioni, kuna mlinzi mmoja, mara nyingi mzee, amekaa kwenye kiti cha plastiki na rungu, hana redio ya mawasiliano, hana choo, na mshahara wake unachelewa. Hatupingi ghorofa. Ghorofa ndilo lililotupa mahali pa kufanyia biashara. Tunachouliza ni kwa nini kibali cha ujenzi kinatazama nondo na zege, lakini hakisemi lolote juu ya mlango unaofichika, ngazi isiyo na dirisha, upenyo wa nyuma usio na taa, na mtaa utakaobaki bila mtu hata mmoja saa mbili usiku.

Suala la machinga nalo limeshughulikiwa bila kutazama jambo hili. Mwisho wa mwaka 2021 wenzetu waliondolewa kando ya barabara na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Njia zilifunguka, na tuseme ukweli, palipofunguka kuna mahali mtu anapita sasa bila kubanwa na kuchomolewa simu. Lakini palikuwa na kona ambazo machinga ndiye aliyekuwa mlinzi. Alikuwepo tangu asubuhi hadi usiku, anamjua kila kibaka kwa sura, akipiga ukelele watu wanajaa. Kona hizo ziliachwa tupu. Aliyepanga uhamisho angeuliza mtaa kwa mtaa, angegundua kwamba mahali fulani meza zikipungua usalama unaongezeka, na mahali pengine meza zikiondoka usalama unaondoka nazo. Amri moja kwa Kariakoo nzima haiwezi kuujua utofauti huo.

Sasa simu. Zamani kibaka alitafuta pochi. Tangu fedha zilipohamia kwenye simu, kuanzia M-Pesa ya mwaka 2008, mfuko wa Mtanzania una noti chache, lakini una simu ya laki tatu, na ndani yake kuna akiba yote. Profesa Ronald Clarke aliandika mwaka 1999 kwamba vitu vinavyopendwa na wezi vina sifa zake: vinafichika, vinabebeka, vina thamani na vinauzika upesi. Simu ina sifa zote. Na sifa ya mwisho, kuuzika upesi, ndiyo iliyo mikononi mwetu hapa hapa. Simu iliyoibwa Mbezi au Temeke inatafuta mnunuzi, na mnunuzi yupo katikati ya jiji. Kama haiuziki nzima, kioo kinauzika, betri inauzika, kava linauzika.

Kuna hatua zilizochukuliwa. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia, na kila simu halali ina namba yake ya utambulisho ambayo mwenyewe anaweza kuiona kwa kubofya *#06#. Simu iliyoibwa inaweza kufungiwa isifanye kazi kwenye mtandao wowote nchini. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuiandika namba ile kabla hawajaibiwa? Na ni frem ngapi zinazonunua simu mkononi kwa mtu bila kumwomba kitambulisho chake cha NIDA? Mafundi na wauzaji waaminifu, ambao ndio wengi, wanaumia na mchezo huu kuliko mtu yeyote, kwa sababu jina la mtaa wao mzima linachafuka. Daftari moja kwenye kila frem, lenye jina la aliyeuza na namba ya simu aliyoiuza, lingemnyima kibaka soko. Akikosa mnunuzi, hana sababu ya kukwapua.

Fedha kwenye simu zilileta pia wakala. Kibanda cha mbao, dada mmoja ndani, droo ya noti, na dirisha linalotazama barabara yenye bodaboda. Tumezika watu waliouawa katika vibanda vya namna hiyo katika jiji hili. Kibanda kinawekwa popote palipo na nafasi, na hakuna anayekuja kuuliza kama kina mlango imara, kama jirani anamwona aliye ndani, kama kinaweza kufungwa mapema kabla mtaa haujawa mtupu. Tofauti kati ya wakala aliyegeuza kiti chake akatazama barabara na yule aliyeipa mgongo inaweza kuwa tofauti ya uhai na kifo. Hilo halihitaji bajeti ya wizara.

Halafu kuna karatasi. Mtu akichomolewa simu anahitaji ripoti ya upotevu ili arudishiwe laini. Wengi wetu tunaandika kwamba simu imepotea, kwa sababu tunachokitaka ni laini irudi leo hii, biashara iendelee. Basi wizi wa Gerezani wa saa kumi na mbili jioni unaingia kwenye kumbukumbu kama upotevu, bila kona, bila saa. Mwisho wa mwaka takwimu zinatolewa, na Kariakoo tunayoijua sisi haimo. Kiongozi anayeongozwa na takwimu hizo hawezi kupeleka askari mahali panapostahili, hata kama ana nia njema. Fomu ile ile ikiongezewa mistari miwili tu, umeibiwa wapi na saa ngapi, baada ya miezi mitatu pangekuwa na ramani ya kweli ukutani mwa ofisi ya kata.

Badala ya ramani, tunaletewa operesheni. Januari 2015 uvumi wa kundi la vijana wahalifu lililoitwa Panya Road ulifunga maduka na kukimbiza watu jiji zima katika jioni moja, operesheni ikafuata. Septemba 2022 vijana wenye mapanga walivamia nyumba za watu na kuua. Operesheni ikafuata, na baadhi ya watuhumiwa waliuawa. Hatusemi polisi wasipambane na wenye mapanga. Tunasema kwamba kati ya operesheni na operesheni kuna miaka, na katika miaka hiyo mitaa inabaki ilivyo. Kamatakamata ikipita Kariakoo inazoa kila kijana aliyesimama, mbeba mizigo na mwizi pamoja, kwa kosa la uzururaji lililoingizwa katika Kanuni ya Adhabu wakati wa Mwingereza. Kijana aliyelala mahabusu kwa kusimama tu kesho hatampa askari taarifa yoyote. Na yeye ndiye aliyemwona mwizi.

Na kuna jambo zito zaidi. Magazeti huandika kwamba fulani ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Kelele za mwizi zinapigwa, mawe yanatoka, tairi linaletwa, na kijana wa miaka kumi na tisa anakufa kwa simu. Mama yake analetewa mwili. Siku ya pili, kwenye kona ile ile, saa ile ile, mwingine anakwapuliwa. Damu ile haikuwasha taa wala haikupanga foleni. Tumemwaga uhai wa mtu na mahali pamebaki vile vile. Hatutaki tena kuitwa wananchi wenye hasira. Tunataka kuwa wananchi waliosikilizwa kabla hasira haijapanda.

Wapo watakaotujibu kwamba ukiziba Kariakoo, vibaka watahamia Buguruni. Hoja hiyo imepimwa. Mwaka 2009 Rob Guerette na Kate Bowers walipitia tathmini 102 za kazi za aina hii, wakakuta kwamba uhalifu kuhamia jirani ulionekana katika takriban robo tu ya vipimo, na katika sehemu inayokaribiana na hiyo mitaa ya jirani nayo ilinufaika. Katika mtaa wa Kirkholt, huko Rochdale, Uingereza, nyumba zilivunjwa sana miaka ya 1980. Waliochunguza walikuta kwamba nyumba iliyovunjwa mara moja ndiyo inayovunjwa tena, na kwamba wezi walikuwa wanafuata mita za umeme na gesi zilizojazwa sarafu. Wakaziondoa mita hizo, wakawaomba majirani wachache wanaoizunguka kila nyumba iliyoibiwa waiangalie. Uvunjaji ulishuka sana. Sisi tuna mabalozi wa nyumba kumi tangu enzi za TANU. Tuna serikali za mitaa, tuna ulinzi shirikishi, tuna mkaguzi wa polisi kila kata. Vyombo vipo. Havijapewa kazi hii.

Sasa biashara ya saa 24 imetangazwa Kariakoo, na tunaipokea. Mtaa wenye watu usiku ni salama kuliko mtaa mtupu. Lakini biashara ya usiku si kamera na hotuba. Kamera inatazama, haimshiki mtu mkono, na ina maana pale tu ambapo yupo anayeitazama na askari anayefika ndani ya dakika chache. Biashara ya usiku ni usafiri wa uhakika saa sita usiku, choo chenye taa, mama lishe asiyefukuzwa maana yeye ndiye macho ya kona, na mahali ambapo dada aliyemaliza zamu anaweza kungoja bajaji bila kuomba dua.

Kwa hiyo waheshimiwa, madai yetu ni haya. Jiji, TARURA wa barabara, TANESCO wa umeme, wasimamizi wa mwendokasi na polisi wapange siku moja, waje pamoja, watembee na sisi kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku: Gerezani, Msimbazi, Congo, Aggrey, Likoma, Livingstone, hadi Jangwani. Wanawake watangulie mbele, kama walivyofanya Manzese, kwa sababu wao wanaogopa mahali ambapo wanaume hawapatazami. Kila kona itakayotajwa iandikwe, na mbele yake liandikwe jina la afisa atakayeirekebisha na tarehe ya kumaliza. Orodha ibandikwe ofisi ya kata, isomwe na kila mtu. Vyuma vya foleni viwekwe Gerezani ili basi lipandwe kwa mstari. Fomu ya upotevu iongezwe mahali na saa. Frem za simu ziwe na daftari. Kibali cha ghorofa jipya kiulize mtaa wake utakuwaje usiku. Na baada ya miezi sita warudi, watembee njia ile ile, na wasome orodha mbele yetu, kona moja moja, ipi imekwisha na ipi bado, na kwa nini.

Hatuombi hisani. Ushuru tunalipa, kodi tunalipa, leseni tunakata. Tutakaowaongoza tupo, kona tunazijua. Tupangieni tarehe.